Mtoto wa Zamu

Safari yangu ya kwenda Minneapolis ilianzia Bura, Taita, asubuhi moja ya manyunyu, na ilichukua siku tatu. Nyanya alinisindikiza hadi Voi. Tulikaa kwenye benchi la stesheni tukila viazi vitamu vilivyopoa mpaka treni ya Nairobi ikafika. Nilikuwa na miaka tisa. Shingoni nilivaa mfuko wa kitambaa alioushona kwa mkono wake, na ndani yake mlikuwa na pasipoti na barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa chifu, ina muhuri wa zambarau uliovuja wino. Ya pili ilitoka kwa paroko wetu, ikieleza kwamba nimebatizwa, nimepokea komunyo ya kwanza, na sina tabia mbaya inayojulikana.

"Popote utakapofika," nyanya aliniambia, "ripoti mahali pawili. Kwa serikali na kwa parokia. Ukiripoti kwa mmoja tu, mwingine atakutafuta."

Nairobi nilipokewa na mtawa aliyekuwa anakwenda masomoni Marekani, ndiye aliyenipeleka. Ndege ilinuka kahawa na plastiki iliyopata joto. Amsterdam tulingoja nusu siku, na mtawa alilala akiwa ameketi, rozari mkononi, huku mimi nikikataa kulala kwa kuogopa kuibiwa ule mfuko. Tulipotua Minneapolis sikumtambua mama. Alikuwa ameondoka nyumbani nikiwa na miaka sita, na harufu yake niliyoihifadhi kichwani ilikuwa ya mafuta ya nazi. Huyu mwanamke wa koti kubwa alinuka sabuni ya hospitali. Alichuchumaa mbele yangu, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umekula?" Hapo nikajua ni yeye.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilipigiwa simu nikaambiwa Mama Njeri wa Eagan amefariki. Simu ilinikuta mbali, katika mji ambao bado sijajifunza majina ya barabara zake. Nimehama mara nyingi mno, kiasi kwamba sinunui kabati. Nguo zangu hukaa kwenye masanduku. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, huwa nasema Taita, na ni kweli. Lakini kuna muda mfupi, chini ya mwaka mmoja, ambao nikiukumbuka najisikia mwili mzima kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika umati. Muda huo niliuishi katika apatimenti ya chumba kimoja huko Crystal, pembeni mwa Minneapolis, ghorofa ya pili, juu ya chumba cha kufulia nguo.

Jumapili ya kwanza mama alinipeleka kanisani, upande wa Saint Paul, ng'ambo ya mto. Kanisa lilikuwa la wazungu wazee, lenye viti vilivyong'aa kwa kusuguliwa na makoti. Ila wale Waafrika wachache waliosali pale walikuwa wamefanya walichozoea nyumbani. Waliunda jumuiya. Nyumbani kila parokia imegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi au kumi na tano zinazokutana kila juma kusali, kusoma neno na kupashana habari za nani mgonjwa na nani kafiwa. Paroko yule mzungu hakuwahi kuwa na kitu kama hicho, lakini aliwaacha waendelee. Jumamosi iliyofuata tulikutana sebuleni kwetu, na mama akaikabidhi barua ya paroko wa Bura kwa mwenyekiti, Mzee Kalisto, Mtanzania kutoka Songea aliyefanya kazi ya kupakia mizigo. Aliisoma yote kwa sauti, pamoja na tarehe na jina la aliyeandika. Alipofika kwenye ile sehemu ya tabia mbaya isiyojulikana, Baba Otieno, dereva wa teksi kutoka Kisumu, alikohoa.

"Haijulikani," alisema, "lakini tutaitafuta."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikawa nimeripoti.

Ile ya chifu mama aliitia kwenye droo ya jikoni, pamoja na mipira ya kufungia na betri zilizokwisha. "Hapa hakuna chifu," alisema. "Kuna kaunti. Na kaunti haihitaji barua, ina kompyuta." Jibu hilo halikuniridhisha. Nyanya alikuwa amesema mahali pawili, na mimi nilikuwa nimeripoti mahali pamoja. Kila nilipofungua droo kutafuta kijiko niliuona ule muhuri wa zambarau ukinitazama.

Shuleni, ukutani nyuma ya meza ya mwalimu, kulikuwa na ramani ya jimbo zima iliyogawanywa kaunti kaunti, kila moja na rangi yake. Yetu ilikuwa ya njano. Upande wa Saint Paul palikuwa kijani, na Eagan, alikokaa Mama Njeri wa jumuiya yetu, palikuwa pinki. Nilitafuta parokia yetu sikuiona. Nikafikiri wamesahau kuiweka, basi nikachora mimi mwenyewe daftarini: nyumba yetu ya Crystal, kanisa, nyumba ya Mama Njeri, chumba cha Mzee Kalisto jengo la pili kutoka kwetu, na mistari ya penseli ikiunganisha nyumba zote. Ilipokwisha ilifanana na utando wa buibui. Mistari yangu ilikatiza njano, kijani na pinki bila kujali. Niliona wazi kwamba yule aliyepaka zile rangi hamjui mtu yeyote kati yetu.

Nilikuwa na namna yangu ya kulielewa jambo hili. Ndani ya kaunti uko hata ukiwa umelala. Hata ukifa uko. Lakini katika parokia ilikuwa lazima mtu akuulize, "Jumapili mbona hukuonekana?" Mama alikuwa akiulizwa hivyo kila alipofanya kazi wikendi, na kila mara alilalamika njiani kwamba watu hawa wanamfuatafuata. Lakini siku ambayo hakuna aliyemuuliza, alikaa kimya garini mpaka nyumbani.

Baada ya Krismasi, mama aliteleza kwenye barafu ya maegesho akitoka kazini. Alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha na kuwageuza kitandani, na siku ile alikuwa amemaliza shifti mbili mfululizo. Alivunjika nyonga. Alipasuliwa, kidonda kikaingia uchafu, akapasuliwa tena. Daktari alisema atakaa kitandani miezi, na hakusema mingapi.

Jioni ile ile jumuiya ilikutana kwetu. Sikumbuki mtu akiuliza mimi nitakwenda wapi. Waliuliza tu nani anafanya kazi siku gani. Mzee Kalisto alichukua nyuma ya kalenda ya zamani, akapiga mistari kwa rula yangu ya shule, akaandika siku saba na majina saba, akaibandika kwenye mlango wa friji. Nyumbani ndivyo ilivyokuwa ikifanyika mtu akilazwa: kila nyumba ina siku yake ya kupeleka chakula, siku yake ya kukesha na mgonjwa, siku yake ya kufungua kuku. Kwa hiyo mimi sikuhama. Wao ndio waliokuja, mmoja kila jioni, akalala kwenye kochi, asubuhi akanipeleka kwenye basi la shule.

Jumatatu ilikuwa ya Mama Njeri. Alikuja na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyofungwa kwa taulo, na Njeri wake wa miaka mitano akimfuata akiburuta mto. Mama Njeri alikuwa mwanamke wa Nyeri, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, na hakuwahi kuniuliza kama nina huzuni. Aliniuliza kama nimeosha masikio. Nilipolia usiku alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kunisimulia kwa urefu ugomvi wake na msimamizi wake wa kazi, nani alisema nini na yeye akajibu nini, mpaka nikasahau nilichokuwa nikililia. Jumanne ilikuwa ya Mzee Kalisto, aliyekunja blanketi lake pembe nne kama askari na kunifundisha kupiga pasi shati kuanzia kola. Jumatano ilikuwa ya Baba Otieno, na nyumba nzima ilinuka samaki wa kukaanga na kile kimti cha manukato kinachoning'inizwa kwenye kioo cha gari.

"Wee mtu wa Taita," alikuwa akiniambia, "kula samaki upate akili ya hesabu. Nyinyi huko milimani mmekula mihogo mpaka mmesahau kugawanya."

"Njeri anakula githeri na anajua kugawanya."

"Njeri ni Mkikuyu. Hiyo anazaliwa nayo."

Siku nyingine nne zilikuwa za wengine, ambao nyuso zao zimeanza kuchanganyika kichwani mwangu. Viatu vyao mlangoni, hata hivyo, navikumbuka vyote. Nilikuwa nikirudi kutoka shule, naangalia viatu, najua leo kutapikwa nini na tutasali kwa lugha gani.

Nataka niseme wazi, ingawa naona haya kwa ajili ya mama aliyekuwa akiumia kitandani: sijawahi kuwa na furaha kama ile. Jumamosi mtu mmoja alinipeleka hospitali, nikampa mama habari za juma zima, naye alicheka akishika ubavu na kuniomba nisimchekeshe.

Pale shuleni tulikuwa na daftari la kusoma. Kila jioni mtoto alisoma kurasa chache kwa sauti, na mtu mzima wa nyumbani akatia saini. Watoto wengine walikuwa na saini moja iliyojirudia ukurasa mzima, labda mbili. Langu lilikuwa na saini saba. Ya Mzee Kalisto ilikuwa na jina lake kamili na cheo chake cha uenyekiti. Ya Baba Otieno ilikuwa duara na mkia. Mama Njeri aliandika pia maoni: "Anasoma haraka mno kama anafukuzwa."

Mwalimu wetu, msichana mwenye nywele nyekundu aliyenipenda, siku moja alichuchumaa kando ya dawati langu.

"Huyu wa jana ni nani?"

"Baba Otieno."

"Na huyu?"

"Mwenyekiti."

"Wote hawa wanaishi kwenu?"

"Hapana. Wanakuja kwa zamu."

"Ni ndugu zako?"

"Ndiyo," nikasema. Nilimwambia majina yote na siku zake, nikitumia vidole. Nilikuwa najivuna. Mwenzangu wa dawati alikuwa na mama tu, na mimi nilikuwa na watu saba. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akalichukua daftari akasema atalirudisha kesho. Sasa nina umri mkubwa kumzidi alivyokuwa yeye, na namwelewa. Aliona mtoto ambaye mama yake hayupo, anayelala na mtu tofauti kila usiku, na mtoto mwenyewe hajui hata kuogopa. Alifanya alichotakiwa kufanya. Alipiga simu kaunti.

Lakini mimi wakati ule sikujua. Jumanne iliyofuata mlango uligongwa, Mzee Kalisto akavaa koti lake la kanisani kabla ya kufungua. Alisimama mwanamke mzungu mwenye faili kifuani na theluji viatuni. Aliona vile viatu vyetu mlangoni, naye akavua vyake, akabaki na soksi zenye picha za paka. Alijitambulisha kuwa anaitwa Linda, na anatoka kaunti.

Nilijua mara moja kilichomleta. Nilikuwa nimekaa miezi yote ile bila kuripoti, na nyanya alisema: yule usiyeripoti kwake atakutafuta. Nilikimbia jikoni, nikaitoa ile barua ya chifu kwenye droo, nikaifuta unga, nikampa kwa mikono miwili.

"Samahani," nikamwambia kwa Kiingereza, "imechelewa."

Bi Linda aliisoma akiwa amesimama. Chifu wa Bura alikuwa amethibitisha kwamba mimi ni mkazi halali wa eneo lake, na kwamba msaada wowote nitakaopewa utathaminiwa. Alipomaliza alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuisoma, akasema asante, akaiweka ndani ya faili. Nikapumua. Nilidhani tumemalizana. Nilishangaa sana alipoketi na kuanza kumuuliza Mzee Kalisto maswali, na nilishangaa zaidi kumwona Mzee Kalisto akikosea herufi za jina lake mwenyewe alipoandikishwa, yeye aliyezoea kuandika majina ya watu wote.

Alikuja mara mbili zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Aliniletea glavu nzito za buluu, na alipoiona ile ratiba mlangoni mwa friji aliisoma taratibu kwa kidole. Lakini fomu yake ilikuwa na nafasi ya jina moja la mlezi na anwani moja. Alimwomba Mzee Kalisto awaite wote, wakae naye, waamue ni nani. Asipopatikana, alisema, itabidi nipelekwe kwa familia yenye kibali, mahali palipo na nafasi, na hangeweza kuahidi kwamba patakuwa karibu na hospitali.

Walikuja wote Jumamosi. Hakuna aliyechelewa, na kwa watu wale hilo peke yake lilinitisha. Walivaa kama wa harusi. Palikuwa na chapati, mandazi na chai ya tangawizi, na Bi Linda alipewa kiti pekee chenye mikono. Mzee Kalisto alifungua kwa sala ndefu, Bi Linda akafumba macho kwa adabu, faili likiwa mapajani. Kisha akauliza kwa upole: nani anawajibika kwa mtoto huyu?

"Sisi," Mzee Kalisto akasema.

"Naelewa. Lakini nahitaji mmoja."

Baba Otieno akasema kwa Kiswahili, akiangalia kikombe chake, "Mwambieni mtoto ni kama sufuria ya jumuiya. Haina mwenyewe. Lakini hebu ipotee, uone wenyewe wanavyotokea."

Hakuna aliyemtafsiria. Mama Njeri aliweka kikombe chini.

"Andika mimi," alisema kwa Kiingereza. "Andika jina langu. Nitampeleka kwangu leo."

Bi Linda akaandika jina. Akauliza anwani. Alipoisikia Eagan, kalamu ikasimama. Eagan, alisema, ni kaunti nyingine. Haiwezekani kumhamisha mtoto kuvuka mpaka kwa saini yake tu. Lazima kaunti ile ipokee maombi, imtume mtu wake, ikague nyumba, ichukue alama za vidole. Majuma, pengine miezi.

"Ni dakika ishirini na tano," Mama Njeri akasema. "Vaa koti, twende na gari langu, nikuonyeshe. Kuna daraja."

"Najua kuna daraja," Bi Linda akasema. Sauti yake haikuwa na ukali. "Mimi naishia kwenye daraja."

Akauliza vyumba. Mama Njeri alikuwa na kimoja, akilala na Njeri. Mzee Kalisto alikuwa na kitanda katika nyumba ya wanaume wanne. Baba Otieno alikuwa na chumba cha ziada, lakini teksi yake ilikuwa ya usiku siku sita kwa juma. Mwingine alikuwa na chumba na muda, na Bi Linda alipotaja alama za vidole akatazama zulia, na wawili zaidi wakalitazama pamoja naye. Nilianza kuelewa kitu bila kuwa na maneno yake. Kila mmoja wao alikuwa na kipande cha kile kilichotakiwa. Ukiviweka pamoja vilikuwa mlezi mzuri kuliko yeyote katika jimbo lile.

Ndipo Bi Linda akanigeukia. Alikuwa amechoka, naona sasa. "Huna ndugu yeyote Marekani? Ndugu wa damu, mahali popote?"

Niliona Mama Njeri akiinua kichwa. Lakini mimi nilikuwa nimelelewa kumjibu mkubwa anapouliza, na huyu alikuwa mkubwa ambaye tayari nilimkosea mara moja kwa barua iliyochelewa.

"Nina mjomba," nikasema. "Mjomba Mwakio. Yuko Kansas."

Mama hakuwahi kumtaja kwa wanajumuiya. Yeye na kaka yake walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya babu, na mimi mwenyewe nilimjua kwa picha moja tu. Bi Linda aliandika jina, akauliza tahajia yake, herufi moja moja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Alipoondoka walibaki wote wameketi. Nilingoja kugombezwa. Mmoja wao, simkumbuki ni nani, alianza kusema kwamba lile jina lingeweza kungoja, na Baba Otieno akamkatiza.

"Mtoto akiulizwa na mkubwa anajibu. Si ndivyo tulivyomfundisha? Sasa tumpige kwa sababu ametusikia?"

Mama Njeri alikuwa jikoni akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Hospitalini nilimweleza mama kila kitu, na ile sehemu ya Kansas niliisema mwisho, haraka. Mkono wake ulikuwa na bomba la dripu, akanishika kwa ule mwingine.

"Ulisema ukweli?"

"Ndiyo."

"Basi usiutubu," alisema. Akageuza uso dirishani. Baadaye kidogo, bado akitazama nje, akasema, "Wangesubiri mpaka nipone, wale. Hata miaka miwili wangekaa zamu. Ungekuwa na ndevu, bado Kalisto anakupikia uji."

Miaka mingi baadaye, nikihama kama ilivyo kawaida yangu, nilisikia kwamba jimbo la Louisiana halina kaunti. Maeneo yake huitwa parokia. Sheria zake zilianza zamani chini ya wafalme Wakatoliki, na jina likabaki. Nilikwenda kuishi huko kwa sababu hiyo tu, ingawa niliwaambia watu nafuata kazi. Siku ya kwanza nilipokwenda kubadilisha leseni yangu niliona neno lile limeandikwa juu ya mlango, kwa herufi kubwa, nikasimama nje kama mjinga. Ndani palikuwa na viti vya plastiki, mashine ya kutoa namba, na mtu nyuma ya kioo aliyeniuliza anwani bila kuinua macho. Nilikaa huko miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuniuliza mbona Jumapili sikuonekana.

Mjomba Mwakio alikuja mwisho wa majira yale ya baridi, theluji imegeuka matope. Aliendesha siku nzima, akalala kwenye kochi, na aliyekuwa na zamu siku ile akalala sakafuni pembeni yake, maana hakuna aliyethubutu kumwambia mwenye zamu asije. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye paji la uso la mama. Asubuhi Bi Linda alileta karatasi. Mjomba akatia saini mahali patatu, juu ya meza ya jikoni, na haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Wale wengine walikuwa wamesimama kando ya ukuta na makoti yao. Hakuna aliyewaomba watie saini chochote. Mama Njeri alinikagua masikio, akanifunga zipu mpaka kidevuni, akasema, "Haya, nenda. Usisome haraka," na akaingia chooni akafungua maji.

Tulipita hospitali kumuaga mama. Angetufuata, alisema, akishaweza kutembea, na alitufuata kweli miezi sita baadaye, moja kwa moja kutoka kitandani hadi Kansas. Hakuna kati yetu aliyerudi kuishi kule. Siku ile mama alizungumza na kaka yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano, mambo ya matairi na hali ya barabara, na wote wawili walikuwa wakinitazama mimi.

Kisha tukashika barabara kuu kuelekea kusini. Tulivuka mto, na mara tu baada ya daraja nikaona kibao kidogo cha kijani chenye jina la kaunti. Ilikuwa ile ya pinki kwenye ramani ya shule. Niligeuka kitini.

"Hapa tuko na Mama Njeri," nikamwambia mjomba.

"Nani?"

"Yule mfupi. Anakaa huku."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaenda. Nyumba zikapungua, mashamba yakaanza, meusi na yenye maji. Kikatokea kibao kingine.

"Na hapa tuko na nani?"

"Hapa wapi?"

"Kwenye kaunti hii."

Aliangalia kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta kweli. "Hapa hatuna mtu."

Kibao kilichofuata nikauliza tena, akanijibu vile vile. Na kingine, na kingine. Hakukasirika. Ilifika mahali tukawa tunasema kwa sauti moja ya chini, mimi nikiuliza, yeye akijibu, kama watu wanaoitikia litania: na hapa, hatuna mtu, na hapa, hatuna mtu. Tulipoingia jimbo la Iowa nilikuwa nimeacha kutazama mashamba, nangoja vibao tu.

"Na hapa?" nikauliza.

Safari hii alibadilisha mikono kwenye usukani kwanza.

"Hapa uko na mimi," akasema.

Nilimtazama, nikahesabu. Alikuwa mmoja.